Marsiana na Njia ya Mlinzi

Watu wakisikia kwamba sisi wakulima wa Michenga tulikuwa tukicheza mchezo wa mapanga na majitu juu ya dungu, kile kichanja cha kufukuzia ndege, katikati ya mpunga, wanacheka. Wacheke. Mimi Katarina nilikuwepo, shamba langu linapakana na la Marsiana, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Mchezo uliletwa na mwenzetu Remigius mwaka tisini na sita. Kazi yake Ifakara ilikuwa kukunja suruali na kusubiri mbu watue mguuni ili awakamatie watafiti, nasi tulimtania kwamba bonde zima hakuna mwingine anayelipwa kwa kuumwa. Mzungu mmoja alipomaliza mkataba alimwachia boksi lenye kitabu cha Kiingereza na madadu ya ajabu, moja lina pande ishirini. Remigius akawa msimulizi wetu. Anasema: mko mlangoni pa pango, jitu linatoka, mnafanya nini? Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Anaamua la kufanya, anarusha dadu, na dadu linasema kama panga limempata adui au limekata hewa.

Tulichezea kwenye dungu la Marsiana kwa sababu lilikuwa pana na imara. Msimu wa kuamia ndege huwezi kutoka shambani. Kwelea kwelea wanashuka asubuhi na alasiri, na ukizubaa kidogo tu unabaki na makapi. Jua likiwa kali wanakimbilia kivulini, na saa hizo ndizo zilikuwa zetu.

Marsiana alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Mumewe Fulgence alikuwa amefariki mwaka uliopita baada ya kuugua sana. Shamba lile walilifyeka wawili, likiwa matete matupu. Sasa Beatus, mdogo wake marehemu, alikuwa akizunguka kwa wazee wa ukoo akisema shamba la kaka yake haliwezi kubaki kwa mwanamke, na kwamba mpunga ukiiva atauvuna yeye na shamba alichukue. Na huyohuyo Beatus alikuwa mchezaji mwenzetu! Anapanda dunguni, anakunywa chai ya Marsiana, anarusha dadu. Mimi ningemmwagia ile chai. Marsiana alisema, "Mwache aje. Nataka nimwone."

Siku ya kwanza Beatus alimshauri achukue mtu wa kutibu majeraha. "Shemeji, wanawake mnafaa kuuguza."

"Kaka yako nimemuuguza mpaka mwisho, wewe ulikuja kuzika," alijibu Marsiana. "Nimechoka kuuguza. Nipe mpiganaji."

Mpiganaji wake akampa jina la Shangazi. Remigius alicheka hadi akaangusha dadu kwenye mpunga, tukashuka wote kulitafuta.

Katika mchezo ule, mpiganaji akifika daraja la tatu huchagua njia, na akishachagua harudi nyuma. Njia zilikuwa tatu. Bingwa hupiga kwa nguvu kuliko wote, na dadu likimkubali adui anaanguka kwa pigo moja, ila hana jingine analolijua. Jemadari ana hila: anamnyang'anya adui silaha, anamsukuma mwenzake mbele, lakini hila zikimwishia lazima apumzike. Mlinzi anachagua mahali, anasimama, na hakuna anayempita bila kumwangusha kwanza. Hafukuzi mtu, na hazina zote zinabebwa na wenzake.

Tulibishana juu ya njia hizo kuliko tulivyobishana juu ya uchaguzi wa vyama vingi. Remigius alimsifu Jemadari kwa kuwa ana akili. Mimi nilisema akili za kuisha ni za nini, bora Bingwa. Mlinzi tulimdharau wote, tukamwita mlinzi wa godauni. Beatus alijichukulia Bingwa mapema, kisha akamgeukia shemeji yake kwa upole uliojaa asali.

"Wewe chukua Mlinzi. Usimame nyuma yangu nikiingia kwenye hazina."

Marsiana aliuliza jambo moja tu. "Remigius, mahali pa kusimama anachagua nani? Mlinzi mwenyewe, au anayelindwa?"

Remigius akafungua kitabu, akasoma kwa kidole. "Mwenyewe."

"Basi nachukua Mlinzi."

Beatus alifurahi bure. Tulipofika kwenye ngome ya majitu, Marsiana alimsimamisha Shangazi kwenye daraja la mto uliotenganisha ngome na kijiji, akatangaza kwamba hapo ndipo pake. Bingwa wa Beatus akaingia ndani peke yake, majitu yakamzunguka, akaanza kuita msaada.

"Shangazi yuko darajani," alisema Marsiana. "Nyuma yake kuna watu na chakula chao. Haendi kufia hazina yako."

Bingwa akafa. Beatus akasimama, uso umemvimba. "Kumbe ndivyo ulivyo!"

"Ni mchezo tu, shemeji. Mbona umekasirika?"

Beatus alishuka akaondoka, na wiki ileile alirudi asubuhi na wazee wawili wa ukoo, mbele yao mzee Hermenegildi, baba mkubwa wa marehemu.

Kwetu mkwe akifikiwa na wazee shambani hushuka dunguni, hupiga goti, husalimia, kisha anaambiwa ya ukoo kwa sauti ya chini na yeye anaitikia. Walikuja wakiutegemea utaratibu huo. Ndege walikuwa ndiyo kwanza wameshuka. Marsiana alikuwa amesimama juu, teo la kurushia mawe mkononi, akivuta kwa mguu kamba za makopo ya kutishia ndege.

"Shikamooni baba zangu!" aliita kutoka kulekule juu.

Sikuwahi kuona mkwe anawaamkia wazee akiwa juu ya vichwa vyao.

"Shuka, mwanangu," alisema mzee Hermenegildi.

"Nikishuka mpunga unaliwa. Semeni hapohapo, nawasikia."

"Ni mambo ya ukoo haya."

"Basi semeni kwa nguvu, makopo yanapiga kelele."

Wakangoja. Marsiana akaendelea kurusha mawe na kupiga kelele zake. Wakangoja mpaka jua likawa kali na ndege wakaondoka. Mzee akamwambia kwamba sasa hana kisingizio, ashuke.

"Hapana, baba. Hili ndilo shamba langu, na hapa ndipo nimesimama. Jambo lenu lisemeni kwa sauti."

Kufikia hapo madungu yote ya jirani yalikuwa kimya, watu wameshika kamba bila kuzivuta. Mzee Hermenegildi alitazama huku na huku. Jambo la kunong'onwa chini ya dungu lilikuwa chungu kulipayukia bonde zima. Akamwambia Beatus, "Shida ni yako. Iseme mwenyewe."

Beatus akapiga kelele, sauti inakatika, "Shamba ni la kaka yangu!"

"Na matete aliyafyeka na nani?" nilipayuka kutoka dunguni kwangu. Sikujizuia, na sikutaka kujizuia. Dungu la pili likauliza wewe Beatus umeamia siku ngapi hapa. Jingine likacheka tu, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko maswali.

Mzee alichukua fimbo yake. "Tutazungumza baada ya mavuno," alisema.

"Mavuno yakiisha nitalima tena," alijibu Marsiana, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi na hayafuti. "Na mwaka mwingine nitalima. Njooni kila mwaka, baba. Mtanikuta."

Alivuna mwenyewe. Upande wa ukoo walimnunia, hakualikwa ngoma wala arobaini, na hilo lilimuuma, asikudanganye mtu. Mwaka uliofuata Beatus na watu wa ukoo walikuja tena mpunga ulipochanua, safari hii bila mzee Hermenegildi. Walimkuta juu.