Mstari wa Mume

Darasani walimwita Bi Mhuri, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, karani wa wodi ya wazazi kwa miaka kumi na minane, na kila alipomaliza kuandika jibu aliligonga kwa ngumi, kana kwamba karatasi isiyogongwa mhuri haijawa karatasi. Vijana wa viti vya nyuma walimgongea meza kabla hajafika mwisho. Yeye aliwatolea jicho lile lile alilowatolea watu waliokuja wodini bila kadi.

Acheni nimseme kidogo, maana alistahili kusemwa. Bi Mhuri alipenda kanuni kuliko watu. Alijiandikisha kusoma sheria akidai amechoka kuamrishwa na madaktari wasiojua hata kujaza tarehe, na mwaka wa tatu akachagua masomo matatu, familia, jinai na tiba, ili siku moja awakalie kooni. Asubuhi kazini, mchana darasani, na moyoni alikwisha kuwahukumu wote.

Mhadhiri wa sheria ya tiba alikuwa hakimu mstaafu, mwanamama mkavu asiyecheka na mtu. Jumatatu moja aligawa nakala za fomu ya ridhaa ya upasuaji, jina la hospitali limefutwa.

"Mgonjwa ni mtu mzima, ana akili timamu, anaelewa anachofanyiwa. Nani anatoa ridhaa?"

"Mwenyewe," darasa likajibu.

"Basi huu mstari wa chini, 'Sahihi ya mume', unatoka sheria gani? Nitafutieni."

Wakafunua vitabu, wakafunika.

"Msijisumbue. Haupo. Kuna mtu alikaa ofisini akautoa kichwani mwake, na wanawake wanauvujia damu mpaka leo. Tena tazameni, mstari wa mume mrefu kuliko wa mgonjwa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Mhuri hakucheka. Mstari ule aliuchora yeye, kwa rula yake, miaka kumi na miwili nyuma, baada ya mwanamume mmoja kufanya fujo wodini kwamba mkewe amepasuliwa bila yeye kuulizwa. Muuguzi mkuu alisema itafutwe namna ya kuwanyamazisha hawa wanaume, na Bi Mhuri akaitafuta. Aliuchora mrefu kwa sababu wanaume husaini kwa mbwembwe. Hospitali nyingine zikaomba nakala, naye akagawa kwa fahari. Hakuna aliyemuuliza kama ni sheria, na baada ya muda hata yeye akasahau kwamba si sheria.

Sasa mwaka juzi aliletwa wifi yake, mke wa kaka yake, mimba imetimia na uchungu umekwenda kombo. Daktari akasema apasuliwe mara moja. Wifi alikuwa akitetemeka, lakini kichwa chake kilikuwa sawasawa.

"Wifi, nipe kalamu nisaini mwenyewe."

"Hapa panasainiwa na mume. Kaa kwenye benchi, usubiri."

Alisema hivyo kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine, asije akaonekana anapendelea ndugu. Kaka mtu alikuwa amezima simu, anatazama mpira. Alifika baada ya masaa manne, akasaini bila hata kuuliza hali. Mtoto alikuwa ameshakufa, na ili mama apone ikabidi kizazi kiondolewe.

Bi Mhuri alitoka darasani siku ile na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Alimchukia mhadhiri kwa kusema, akawachukia vijana kwa kucheka, akaenda maktaba kusoma sura ya uzembe kwenye kitabu cha jinai. Aliisoma mara tatu akitafuta upenyo wa kujichomoa. Aliupata, tena mmoja ulikuwa mzuri sana, akakifunga kitabu.

Wiki ile ile kaka yake akamjia nyumbani na faili. Alikuwa ameshafungua kesi ya talaka, anataka na nyumba, na madai yake ni kwamba mke alimficha kuwa hazai.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu wa hospitali. Niandikie ushahidi kwamba alikuja na ugonjwa wake wa zamani."

"Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na mume aliyezima simu."

"Na aliyemkalisha kwenye benchi ni mimi?" Kaka akacheka bila kufurahi. "Fungua mdomo uone. Kazi huna, na huo uwakili utausikia redioni. Unifunge mimi, ujifunge na wewe."

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka. Ila kalale ukijua mimi nilichelewa tu. Wewe ulikuwepo."

Hilo la mwisho lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya wifi kujibu madai. Asipojibu, kaka angepewa nyumba kirahisi. Bi Mhuri akaomba ruhusa kazini, akaenda kwa wifi na majibu aliyomwandalia, na nyuma yake akaambatisha kiapo chake mwenyewe. Wifi, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa chumba cha mbele akishona sare za shule. Alimwona mlangoni, wala hakumwambia karibu.

"Umefuata nini?"

"Leo ndiyo mwisho, wifi. Nimekuandikia majibu. Soma, usaini."

Wifi alisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata kila neno. Alipofika kwenye kiapo, kidole kikasimama. *Mstari huo niliuchora mimi. Hautokani na sheria yoyote. Nilimkatalia kusaini, naye akiomba.*

"Kwa hiyo ningeweza kusaini mwenyewe?"

"Ungeweza."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile, wifi. Nisamehe."

"Usiniletee msamaha nyumbani kwangu."

Bi Mhuri akamnyooshea kalamu. "Basi saini tu. Masjala ya mahakama inafungwa saa tisa."

Wifi aliitazama kalamu, hakuipokea. Akarudi kwenye cherehani yake.

"Hapa panasainiwa na mume," alisema. "Kaa kwenye benchi, usubiri."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Bi Mhuri alikaa. Benchi lilikuwa la mbao, halina mgongo, na wateja walikuja kuchukua sare zao wakimpita. Mmoja akauliza huyu mama ana shida gani. "Anamsubiri mume wangu," wifi akajibu, na mguu haukutoka kwenye pedeli. Saa tano Bi Mhuri aliomba maji, hakupewa. Saa sita akafungua mdomo kusema muda unakwenda, akakumbuka ni wifi aliyemwambia maneno hayo hayo wodini, akaufunga.

Saa saba na nusu wifi alikata uzi, akaja na kalamu yake mwenyewe, akasaini kila ukurasa. Kisha akamtupia karatasi mapajani.

"Masaa manne," alisema. "Na wewe hapo hukutokwa hata na tone la damu. Haya nenda, kabla hawajafunga."