Fundi Pindo na Masafa ya Tatu

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Fundi Pindo ni mguu wake wa kulia. Hautulii. Awe kwenye foleni ya benki, awe mezani anakula, unyayo unabonyeza sakafu taratibu, unaachia, unabonyeza tena. Mguu huo umekanyaga pedali ya cherehani kwa miaka ishirini na mmoja, na unajua mwendo wa kushona hariri na mwendo wa kushona turubai. Jina lake alipewa na wateja, kwa kuwa pindo aliloshona yeye halifumuki.

Wengi wa wateja hao hawajui kwamba mguu huohuo huendesha gari la mashindano. Gari lenyewe limo ndani ya kompyuta ya michezo, kwenye chumba cha kushonea mwisho wa korido, na pedali yake imekaa sakafuni bega kwa bega na ya cherehani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, hupenda kumtania. "Mke wangu, ipo siku utakanyaga isiyo yako, kola ya mtu ishonwe kwa kilomita mia mbili kwa saa."

Lakini wiki mbili zilizopita hapakuwa na utani. Fundi Pindo alikuwa akiongoza mbio za ligi ya mtandaoni, imebaki kona moja, skrini ikaganda. Ilipozinduka, gari lake lilikuwa limelala kwenye changarawe, na mpinzani wake, ajiitaye Kisigino, alikuwa ameshamaliza. Sheria ya ligi haina huruma: mtandao ukikukatikia mara mbili, unaondolewa. Yeye alikuwa amebakiwa na moja, na mbio za marudiano zilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri.

Waya haukuwezekana. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na ule uliopitishwa sakafuni ulishamwangusha baba mkwe na fimbo yake. Kwa hiyo Fundi Pindo alinunua ruta mpya, yenye masafa matatu ya waifai. Ya kwanza hufika mbali lakini hujikokota. Ya pili ni ya wastani. Ya tatu ndiyo yenye kasi kuliko zote, ila huchoka upesi yakikutana na kizuizi. Hayo ya tatu ndiyo aliyoyataka, na ndiyo ambayo kompyuta yake haikuwahi kuyashika.

Jumatatu akaja fundi wa kampuni ya intaneti, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni.

"Mama, watoto wanacheza gemu gani?"

"Watoto gani? Ninacheza mimi."

Akacheka kidogo, kisha akamgeukia mwalimu. "Mzee, hebu mweleweshe mama. Waifai ya nyumbani ni ya matumizi ya kawaida tu."

"Usiniulize mimi," mwalimu akajibu. "Mimi hata rimoti inanishinda. Mwenye mashine ni huyo hapo."

Fundi wa mtandao akaiendea ruta, iliyokuwa kwenye rafu ya korido mkabala na mlango wa chumba cha kushonea. Ilikuwa imevalishwa kifuniko, kama zilivyovalishwa redio na televisheni, maana katika nyumba hii hakuna chombo kinachokaa uchi. Kifuniko hicho Fundi Pindo alikishona kwa mabaki ya magauni ya wasimamizi wa harusi, kitambaa kizito kilichofumwa kwa nyuzi za chuma zinazometameta kama fedha.

"Eh, mama! Hiki kizuri. Nami utanishonea?"

Akakifunua, akabonyeza-bonyeza simu yake, akayapa masafa yote matatu jina moja "ili yasikusumbue", kisha akakirudisha kifuniko na kukinyoosha pembe kwa vidole vyake mwenyewe. Mlangoni akatoa hukumu: kompyuta imepitwa na wakati, anunue nyingine.

Imepitwa na wakati! Kompyuta ya mwaka jana, ambayo Fundi Pindo aliifanyia kazi msimu mzima wa sare za shule! Na huyo fundi wa mtandao hakuwa hata ameigusa! Hasira ilimpanda hadi akakata uzi kwa meno, jambo analowakataza wanagenzi wake.

Jumatano aliacha mkasi, akachukua kijitabu cha ruta na kukisoma jalada hadi jalada. Akaingia kwenye mipangilio, akayatenganisha majina, kila masafa na lake. Yale ya tatu yakajitokeza kwenye kompyuta, na alama moja dhaifu, kisha yakapotea. Akamweka mwalimu mbele ya skrini, yeye akaenda kusoma nywila iliyobandikwa chini ya ruta. Akakifunua kifuniko.

"Imejaa!" mwalimu akapaza sauti. "Alama zote!"

Akarudisha kifuniko ili aje aone.

"Aa, imekufa."

Akasimama palepale. Akafunua. "Imejaa!" Akafunika. "Imekufa! Mke wangu, unaichezea nini huko?"

Akachukua simu yake. Akampigia yule fundi wa mtandao.

"Fundi, chuma kinazuia mawimbi ya waifai?"

"Sana, mama. Hasa hayo ya kasi. Hilo kila fundi analijua."

"Na kile kifuniko ulichokisifia, ukakinyoosha na pembe, kimefumwa kwa nini?"



"Mama... mimi nilidhani ni urembo."

"Mimi nilikishona, kosa langu nalibeba. Mimi ni mshonaji. Wewe je? Ulikishika mkononi, ukaniambia nitupe kompyuta!"

Akakata simu kabla ya samahani kufika.

Sasa ni Jumamosi, saa kumi kasoro dakika moja. Ruta iko uchi kwenye rafu, chombo cha kwanza kuruhusiwa hivyo katika nyumba hii. Mlango wa chumba cha kushonea uko wazi, na baba mkwe ameombwa asisimame katikati ya korido. Kifuniko kimekunjwa mara nne chini ya pedali ya gari ili isiteleze. Gari la Kisigino linanguruma upande wa kushoto. Masafa ya tatu, alama zote. Taa nyekundu za kuanzisha mbio zinawaka moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mguu wa kulia umetulia kabisa, unangoja ya tano.