Sentensi Kamili Mbele ya Mzee Kibona

Nilipopangiwa Mbebe kufundisha Kiingereza darasa la sita, niliapa kwamba mwanafunzi wangu hatamaliza mwaka akiwa bubu. Atauliza maswali, na atakayeulizwa atajibu kwa sentensi kamili. Hapo sikutaka mjadala.

Tatizo ni kwamba pale shuleni alikuwepo pia Madam Tusekile. Jioni tulikuwa tunakaribishana chakula kimyakimya, maana baba yake, Mzee Kibona, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mimi mshenga nilikuwa sijatuma. Nilijiona mjanja kweli.

Siku kamati ilipokuja kuangalia masomo, mzee alikaa dawati la nyuma. Nami nikaanza kutamba. Nikawaambia watoto watunge maswali kuhusu watu wawili wanaotendeana jambo. Anyisile, mtoto wa jirani yangu, akanyoosha kidole mpaka akasimama.

"Do you and Madam Tusekile cook for each other?"

Kiingereza safi, sikuona kosa hata la kusingizia. Darasa likanisubiri nitimize sharti langu mwenyewe. Jasho likanitoka, na Mbebe ilivyo na baridi!

"Mwalimu," mzee akaita kutoka nyuma, "mimi Kiingereza kilinipita. Mtoto kauliza nini?"

Nikiwa bado natafuta uongo wa kumpa, darasa zima likamtafsiria kwa Kindali: eti mwalimu na Madam Tusekile wanapikiana? Halafu, bila kuambiwa na mtu, likamjibu. Kwa sentensi kamili.