Siku Ngoma Yangu Ilipoingia Kwenye Tangazo la Kifo

Mkiniona napita Bulengera nimeshusha kofia mpaka kwenye pua, msifikiri ni baridi ya Butembo, ni haya. Mpaka leo nikisimulia jambo hili masikio yanapata moto, ila afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa pikipiki, maana wale wameshaongeza chumvi, eti nilicheza juu ya jeneza (sikucheza juu ya kitu chochote, nilikuwa nje nagonga mlango, mtaona).

Jina langu Muhindo, fundi wa sauti kwenye redio moja ndogo ya hapa mjini. Kazi yangu ni kukaa mbele ya mashine, kufungua na kufunga mikrofoni, kuweka muziki, basi. Lakini nyumbani kwangu Mususa nina kompyuta, na mbele ya ile kompyuta mimi si fundi tena, mimi ni msanii mkubwa ambaye dunia haijamjua bado, na wakati huo nilikuwa nimemaliza wimbo mmoja, jamani, wimbo! Unaanza polepole, filimbi ya mwanzi aliyonipigia mjomba wangu wa Lubero pamoja na kinanda kama cha kanisani, dakika nzima mtu anaweza hata kufumba macho akasali, halafu bila kukuonya zinaanguka ngoma nzito za Afrika Kusini, juu yake gitaa la seben, tarumbeta za Cuba, na vinubi kidogo vya Kihindi (nilivitoa kwenye filamu, msiniulize), na sauti yangu mwenyewe inapiga kelele: "Tikisa! Tikisa bega!"

Sasa huku kwetu wimbo wa kucheza usipotaja majina ya watu ni sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi. Wengine wanataja matajiri ili wakumbukwe. Mimi nilimtaja mtu mmoja tu: "Papa Mbusa wa Bulengera, baba ya Kavira, tikisa!" Kavira ni msichana niliyekuwa nataka kumuoa, na Jumamosi ya wiki ile ile wazee wangu walikuwa waende kwao kutia mguu wa kwanza. Papa Mbusa muziki hapendi kabisa, anasema ni kazi ya watu wasiojua kushika jembe, kwa hiyo nilimwambia mimi ni technicien na nikaishia hapo. Jina lake ndani ya wimbo ilikuwa zawadi ya siku ya harusi, nilipanga litamlainisha. (Nilikuwa na mipango mizuri sana mimi.)

Basi siku ya Alhamisi, saa sita kasoro, nani anaingia redioni? Papa Mbusa mwenyewe, macho mekundu, karatasi mbili mkononi. Baba yake, Koko Paluku, mzee aliyekula miaka mpaka yeye mwenyewe akaacha kuihesabu, alikuwa amefariki asubuhi.

"Muhindo, mutoto wangu," akaniambia, na ile "mutoto wangu" ilikuwa mara ya kwanza, "Mungu iko mukubwa, tuko na mutu wetu kwa radio. Tunazika kesho saa tano. Dada yangu Katungu iko Kyavinyonge, simu yake haipite tangu juzi. Yeye njo mutoto wa mwisho wa muzee, alikuwa anamupenda sana. Asikie, tafadhali. Asikose kumuzika baba yake."

Nikamwambia, "Papa, usiwe na wasiwasi, atasikia." Na kweli alisikia.

Matangazo ya vifo yanasomwa saa sita kamili, na saa hiyo mji wote unanyamaza, hata wanaogombana wanasimamisha ugomvi kwanza wajue nani amekufa. Chini ya sauti ya msomaji tunaweka muziki laini. Na mimi, pale nilipokuwa natafuta muziki laini, shetani akaninong'oneza: ule mwanzo wa wimbo wako je? Filimbi, kinanda, huzuni ya heshima, na mji mzima unasikiliza, wataizoea sauti bila kujua, siku wimbo ukitoka wataupokea kama ndugu. Tangazo moja halizidi sekunde arobaini, mwanzo wangu una dakika nzima. Nikauweka.

Ningebaki kwenye kiti changu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilitaka kuusikia kama wanavyousikia watu, kwenye redio ya kweli, kwa hiyo Papa Désiré, msomaji wetu, alipoanza kusoma, mimi nikatoka kwa vidole na kuvuka barabara mpaka kwa Mama Kahindo anayekaanga mandazi na redio yake pembeni. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Ule mlango hauna kishikio cha nje (tulikitoa, kwa sababu watu walikuwa wanaingia na karatasi zao katikati ya kipindi), na hilo nililijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekitoa.

Filimbi ilikuwa inalia vizuri! Mama Kahindo akatikisa kichwa, akasema, "Hii muziki inaingia mu roho," na mimi nikajaa kifua. Ndipo nikasikia Papa Désiré bado yuko kwenye majina ya watoto wa marehemu, hajafika hata kwa wajukuu, nikakumbuka karatasi zilikuwa mbili. Nilikimbia. Sikufika.

"Habari hii imufikie Mama Masika wa Beni..."

"TIKISA!"

"...Mwalimu Kambale na bibi yake..."

"TIKISA BEGA!"

"...Mama Katungu, mwenye kuuza samaki Kyavinyonge..."

Na tarumbeta za Cuba. Mtashangaa kwa nini Papa Désiré hakunyamaza. Mikrofoni ikiwa wazi spika za studio zinazimika zenyewe, na vile vya kuvaa masikioni yeye havitaki, eti vinambana, kwa hiyo mle ndani palikuwa na utulivu kama wa sakristia, naye anasoma taratibu, kwa huzuni, jina moja baada ya lingine, na kila jina linaangukia kwenye ngoma sawasawa, hata mimi nisingeweza kupanga vizuri hivyo. Ng'ambo ya barabara watu wawili wa pikipiki walikuwa wameshaanza kuchezesha mabega, nyuso zao zinajikaza zisicheke, lakini mabega hayakuwasikia. Mimi napiga mlango kwa ngumi zote mbili, na kugonga kwangu nako kunaingia hewani. Papa Désiré akasimama kidogo, akasema kwa upole, Butembo yote ikimsikia:

"Ninyi munaogonga mulango, muvumilie. Kila maiti itasomwa."

Halafu sauti yangu, safi kabisa: "Papa Mbusa wa Bulengera, baba ya Kavira, tikisa!"

Nilikaa chini pale mlangoni. Simu ikalia baada ya dakika mbili.

"Muhindo. Ile sauti ni ya nani?"

Nilifikiria kudanganya, lakini kudanganya vipi? "Ni yangu, papa. Munisamehe."

"Baba yangu iko analala hapa mbele yangu," akasema. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. "Mimi sikukuomba ngoma. Nilikuomba dada yangu." Akakata.

Mkubwa wetu wa kazi alirudisha tangazo saa saba, bila muziki, na mimi akanituma nyumbani nisubiri uamuzi wake. Sikwenda nyumbani. Niliazima pikipiki ya mjomba mwingine wa hapa mjini, nikajaza mafuta, nikashika njia ya Kyavinyonge, kule ziwani, mashimo na vumbi mpaka kwenye meno, na njia nzima nilikuwa najipa moyo kwamba Mama Katungu lazima alilisikia lile tangazo la pili, nitamkuta analia, nitambeba, nitakuwa mtu tena.

Nikamkuta sokoni mbele ya tilapia zake, mama mnene mwenye sauti kubwa, amezungukwa na wenzake wote wanashika mbavu. Alikuwa anawachezea wimbo wangu.

"Bale ba radio ya Butembo ni bafou, bawazimu kabisa!" alikuwa anasema huku anatupa mabega. "Nafungua radio katikati, nakuta bametengeneza théâtre ya kilio, muchezo tu, banataja mpaka jina yangu, Mama Katungu muuza samaki, tikisa! Mpaka kaka yangu Mbusa banamutaja! Simu yangu ikipona nitamupigia tucheke."

Mabega yake yalikuwa yanacheza vizuri, na nitasema ukweli, kwa sekunde moja nilifurahi. Mtu wa kwanza kuupenda wimbo wangu. Kisha nikakumbuka nimekuja kumwambia nini, nikavua kofia, na yeye alipoona nimevua kofia, mabega yakasimama.

"Mama," nikasema, "haikuwa théâtre."

Hakulia papo hapo. Aliniuliza, "Papa?" Nikasema ndiyo. Akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, kana kwamba samaki wake wamekuwa wachafu ghafla, halafu akasema, "Na mimi nilikuwa nacheza," na hapo ndipo wenzake walipomshika. Jamani, nimeaibika mara nyingi maishani, ila siku ile niliona uchungu, na uchungu ni kitu kingine.

Usiku watu hawasafiri njia zile, kwa hiyo nililala kwa jirani yake na alfajiri tukaondoka. Alilia mgongoni kwangu mpaka koti likalowa, nikawa naendesha polepole kwenye mashimo kama niliyebeba mayai. Njiani tukapasua tairi. Saa nne na nusu tukaingia Bulengera, jeneza bado liko uani, halijafungwa, naye akashuka kabla sijasimama vizuri, akaenda moja kwa moja kumshika baba yake uso.

Mimi nikabaki kwenye lango na mfuko wake wa nguo. Watu walinitazama, wengine wakaangalia chini haraka, na sababu nilikuwa naijua. Kavira alikuwa kati ya wanawake, akanitazama mara moja tu. Papa Mbusa akaja. Alitazama pikipiki, akatazama vumbi langu, akachukua ule mfuko mkononi mwangu, na nikangoja anifukuze.

"Ulikula?" akaniuliza.

"Hapana, papa."

"Ingia, ukule. Kisha utabeba na bengine."

Nikala ugali na maharagwe bila kuinua macho, kisha nikabeba jeneza, upande wa miguu. Wazee wangu Jumamosi ile hawakwenda, tuliambiwa tusubiri kilio kiishe, na mpaka leo tunasubiri, lakini kusubiri si kufukuzwa.

Kazini walinisamehe kwa barua ya onyo. Wimbo umeenea mji mzima kwa simu, na watu wananiuliza kwa nini siutoi rasmi. Siutoi. Na nimeapa: matangazo ya vifo yakianza kusomwa, hakuna filimbi, hakuna kinanda, na mimi nakaa kwenye kiti changu, mikono magotini, mpaka jina la mwisho litajwe.