Nilimuuguza mama mkwe, naye akauelekeza mtaro wa barabara kwenye kibanja changu

Admin naomba unisitiri jina, huku kwetu Kyerwa tunajuana. Nina miaka 41, ni mjane, nina mabinti wawili. Naishi kata ya Kibingo kwenye kibanja alichoniachia mume wangu. Kuna migomba na kahawa, na kaburi lake liko humo humo shambani kama ilivyo desturi yetu. Niliposikia barabara yetu inatanuliwa nilifurahi, maana mvua zikianza hata bodaboda wanagoma kuja huku.

Wapimaji walipokuja walisema lazima uchimbwe mtaro mkubwa wa kutoa maji ya barabara. Wakachomeka vigingi kwenye shamba la shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye tunapakana. Shemeji alinuna mpaka salamu akaninyima. Nikasema shauri yake, barabara siijengi mimi.

Mara mama mkwe akaugua, akalazwa hospitali ya Nyakahanga. Nani wa kumuuguza? Mke wa shemeji akasema ana kichanga. Nikaenda mimi. Nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake, nikamwogesha, akijichafua nikambadilisha, manesi wakadhani ni mama yangu mzazi. Siku moja shemeji akanipigia simu, akasema, "Shemeji, mpe mama niongee naye." Nikampa, nikatoka kumtafutia uji. Niliporudi alikuwa ameshamaliza. Akanirudishia simu na kuniambia Mungu anibariki.

Aliporuhusiwa tulirudi nyumbani, nikakuta vigingi viko kwangu. Vimekatiza katikati ya migomba, kimoja kiko karibu kabisa na kaburi la mume wangu. Milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, imeng'olewa yote. Nikaenda mbio kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaniambia, "Mama, siku ile shemeji yako aliweka simu spika mbele ya wapimaji, tukamsikia bibi wote. Ndiye pekee aliyebaki kati ya walioshuhudia baba mkwe wako akigawa vibanja. Alisema upande huo wa kwako hakupewa mtu, ni wa ukoo, ndiyo maana mtaro ukahamishiwa huko."

Mama mkwe nilimwacha kwangu, maana alikataa kwenda kwa mwanawe, eti kwangu ndiko anakotunzwa vizuri. Nikamuuliza, "Mama, ni kweli umesema hivyo?" Wala hakuficha. "Ee. Mwenzako ana wavulana. Wewe una wasichana, wataolewa waende. Kibanja utamwachia nani?" Nikamwambia, "Na kaburi la mwanao je, maji yakilibomoa?" Akanitazama hivi, akasema, "Aliyekufa hasikii baridi. Niletee chai."

Na mimi nikamletea. Mpaka leo najichukia kwa kile kikombe.

Wapimaji wanarudi wiki hii kusikiliza malalamiko. Mwenyekiti ameniambia bibi akisema ukweli, vigingi vinarudi vilipokuwa. Nimembembeleza nimechoka, ananicheka. Majirani wanasema nimvumilie, ni mzee. Uzee gani huo unaojua kuchagua mtoto wa kuokoa?

Sasa sikilizeni, na mkinitukana nitukaneni tu. Leo nimeipua ndizi, nimekula na wanangu, yeye sijampakulia. Yuko chumbani, miguu bado haina nguvu, hawezi kutoka mwenyewe. Binti yangu mdogo alitaka kumpelekea maji, nimemnyang'anya kikombe. Nimemwambia bibi wazi kwamba atakula siku atakayosema ukweli mbele ya wapimaji. Sasa ameanza kuniita "mwanangu, mwanangu", kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia tangu niolewe humu.

Ndugu zangu, nimwache hivyo hivyo na njaa yake mpaka wapimaji warudi, au niite bodaboda nikambwage uani kwa mwanawe aliyemchagua? Habari za kusamehe msiniletee. Niambieni la kufanya, na mniambie upesi, maana bado anaita na mimi sina mpango wa kuitika.