H Inakuja Baada ya A

Mimi ndiye niliyechomoa mabomba manane ya kinanda cha kanisa letu na kuyarudisha kwa kufuata a-be-che-de. Nalisema mwanzoni kabisa, maana kujificha ndiko kulikoniponza.

Kanisa letu hapa Korogwe ni la mawe. Lilijengwa na Wajerumani, au tuseme Wajerumani walinyoosha kidole na babu zetu wakabeba. Kuta ni nene kiasi kwamba dirishani anakaa mtu mzima na kula muwa wake bila kubanwa. Matao yanafuatana hadi altareni, na juu ya dari popo wana parokia yao. Ukikohoa mlangoni, kikohozi kinatangulia mbele, kinapiga goti, kisha kinakurudia.

Nyuma, juu ya mlango mkubwa, kuna roshani ya mbao, na humo ndimo kinanda kilimo. Si hivi vya umeme vya kuwekwa kwenye stendi. Hiki ni kabati zima, lina safu za mabomba ya bati, marefu kwa mafupi. Mpigaji anakanyaga kwa mguu, mivukuto inajaa upepo, na kila akibonyeza, bomba moja linaimba.

Babu mzaa mama ndiye aliyekuwa akikipiga. Siku za kazi alishinda korona, yaani kiwandani kwenye mashine za kukamua mkonge, na zile mashine zikamla masikio kidogo kidogo. Jumapili moja alipiga wimbo wa watu ukawa wa majini, na yeye hakujua. Watu walimwambia baada ya misa. Akafunga kifuniko, akashuka ngazi, hakupanda tena mpaka anazikwa. Mama alikuwa binti mdogo, lakini alikuwa ameshamwibia ujuzi wote.

Mama ni fundi cherehani. Miaka yote kinanda kilipokaa kimya alikuwa akikililia. Mwaka huu mwenyekiti wa halmashauri ya walei akasema kiondolewe, mabomba yaende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, roshani ipate nafasi ya viti.

"Lile ni kabati la mende," alisema.

"Mzee, nipeni misa moja tu," mama alimwomba. "Kikiimba, kibaki. Kisipoimba, nitakisindikiza mwenyewe."

Wakakubaliana. Atapiga Jumapili ya ugeni wa kwaya kutoka Handeni, na Jumapili ya pili yake halmashauri itaamua. Mama alishinda roshani wiki tatu, akifuta, akiziba mivukuto kwa vipande vya ngozi. Kukanyaga hakukumpa shida. Mguu wake umekanyaga cherehani tangu mimi sijazaliwa.

Jumamosi alasiri, alipomaliza mazoezi ya mwisho, aliniachia kitambaa. "Futa vumbi. Vumbi tu, baba. Usiguse kingine."

Nilikuwa na rafiki yangu, mtoto wa jirani, Mwislamu, aliyeapa kwamba hapandi. "Madrasa nachapwa, shule nachapwa, bado nije nichapwe na Wakatoliki?" Akapanda.

Nyuma ya kabati kuna mlango mdogo, na humo ndani mabomba hayajafungwa popote. Yamesimama kwenye matundu kama kalamu kwenye kopo. Nilichomoa moja lenye urefu wa rula nikalipuliza, likalia safi, popo wawili wakaahirisha usingizi. Nikachomoa jingine nikampa mwenzangu. Yalipofika manane tuliyalaza kwenye benchi na kuanza kupiga honi ya basi la Handeni, ile ya muziki inayoamsha stendi nzima, tukigombania bomba hili na lile huku tunakufa kwa kucheka.

Chini mlango ukalia. Ndala za mama wa usafi.

"Oya, rudisha! Lipi linaanza?"

"Si yameandikwa!" mwenzangu alijibu.

Na kweli. Kila bomba lilikuwa na herufi iliyokwaruzwa shingoni: A, B, C, D, E, F, G na H. Sisi kwaya zetu zinaimba kwa do-re-mi, herufi za muziki sikuwahi kuzijua. Lakini alfabeti naijua tangu chekechea. Nikaanza na A, nikamaliza na H. Mwanzo yalikuwa yakipungua kimo taratibu. Sasa yalikaa kama meno ya mtoto wa darasa la pili.

"Mbona kama hayajakaa?" mwenzangu aliuliza.

"Wewe Mjerumani? Aliyeandika ndiye anayejua."

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Mama alivaa gauni jipya alilojishonea kwa siku hiyo. Wimbo wa mwanzo ulianza kwa sauti nzito, kuta zikatetemeka, nikaona mwenyekiti ameinua kichwa. Kisha mkono wa kulia wa mama ukafika katikati, pale kwenye mabomba yangu manane, na wimbo ukateguka mguu. Ulipanda mahali pa kushuka. Waimbaji wakafuata kinanda, wengine wakafuata kumbukumbu, na ule mwangwi wa kanisa ukabeba kila kosa hadi altareni na kulirudisha. Mama alianza upya. Ikawa vilevile. Akaanza tena.

"Korogwe kinanda chenu kimekula nini?" mmoja wa wageni alinong'ona, na kwa kanisa lile kunong'ona ni kutangaza. Watu walicheka. Mimi, mchekeshaji wa kidato kizima, nilitazama viatu vyangu.

Mama alifunga kifuniko. Misa iliendelea kwa makofi na kayamba.

Nje mwenyekiti alimwambia kwa upole, na upole wake ndio uliouma: "Mama, usijilaumu. Chombo kimezeeka."

"Si chombo, mzee," mama alijibu.

Rafiki yangu alinisubiri njiani. "Umeyakanyaga, mwanangu. Kaseme."

"Nitasema kesho."

Jumatatu nilisema kesho. Jumanne pia. Mama akawa anauliza wateja mara mbili mbili: "Umesema kiuno ngapi?" Redio alikuwa akiisogeza karibu, kisha anaizima. Jumatano nilimkuta peke yake, mkasi mkononi. Anaufungua na kuufunga karibu na sikio la kulia, kri, kri, anatulia. Anauhamishia kushoto, kri, kri, anatulia tena, amefumba macho. Nilirudi nyuma kabla hajaniona.

Alhamisi alikwenda kununua uzi. Kwenye meza ya cherehani kulikuwa na daftari lake la zamani, maandishi ya babu. Nililifungua. C, D, E, F, G, A, B, H, na chini yake do, re, mi. Nilirudia kusoma mara nne. Kumbe wale Wajerumani alfabeti yao ya muziki inaanzia C, na H yao wameifungia nyuma ya A na B kama mkia. Kati ya mabomba manane nililipatia moja, H, tena kwa bahati.

Mama aliporudi nilikuwa bado nimeshika daftari. Nilijaribu kuanza na utani, utani ukakataa kutoka. Basi nikasema: kuchomoa, honi ya basi, a-be-che-de, kesho zangu zote nne. Nilisema nikitazama kanyagio la cherehani, nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Alivuta kigoda akakaa. Aligusa sikio moja, halafu la pili, na machozi yakamtoka huku mdomo ukitaka kucheka. Kisha akasema, na sipunguzi wala siongezi neno:

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima. Haya, vaa shati, twende kwa mwenyekiti ukamwimbie hiyo a-be-che-de yako."