Kenge kwenye Mlango wa Maji

Asubuhi ile dada yangu Mwajuma alikuwa anawafundisha watoto kuvunja konokono. Sisi nguchiro tunamrusha konokono kwa nyuma, kati ya miguu, ili agonge jiwe apasuke. Kitinda mimba wake, Zuhura, kila akirusha anakosa jiwe. Konokono anaangukia majanini, naye anamfuata amenuna. Mimi nilikuwa zamu ya ulinzi juu ya kifusi, nikimcheka.

Tuliishi Kisarawe, kwenye shimo la zamani ambalo watu walichimba udongo mweupe, kisha wakaliacha. Tuliliita Ngome. Lilikuwa na njia nyingi za ndani, lakini milango ya kutokea nje ilikuwa miwili. Mlango Mkubwa ulitazama msitu. Mlango wa Maji ulikuwa njia nyembamba iliyoshuka mpaka kwenye chemchemi bondeni. Tulikuwa nguchiro thelathini na kitu, pamoja na nungunungu mmoja mzee, Bi Chausiku. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, maana tulimkuta pale.

Jua lilipopanda akaja kunguru, akatua mbele ya Mlango Mkubwa.

"Mambo vipi, wakubwa? Mzee Jongo anawasalimu. Anaomba hifadhi ya msimu mmoja tu, yeye na watu wake."

Watu wake walikuwa kenge. Walitokea upande wa Kwala, ambako magreda yalikuwa yamefukia madimbwi yao kupisha bandari kavu. Nasema hili kwa sababu wenzangu wengi wanaisimulia vita iliyofuata kana kwamba kenge walizuka tu na ubaya wao. Walikuwa wamefukuzwa kwao. Lakini kenge wanakula watoto wa nguchiro, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Bi Chausiku alitoka akipiga miayo, maana mchana ndio usingizi wake.

"Mwambie tumempa pole. Nafasi hatuna."

"Poa, bibi. Nitamfikishia."

Siku chache baadaye kenge kijana akaja akijikokota. Mkia wake ulikuwa umekanyagwa na bodaboda kwenye barabara ya Mlandizi. Jeraha lilikuwa la kweli, nililiona mwenyewe, na nzi walikuwa wameshalifikia. Nikasema asiingie.

"Huyu hata kutembea hawezi, atamla nani?" Mwajuma aliniuliza. "Tabu, ungekuwa wewe je?"

Akaingia. Alilala siku tatu kwenye chumba cha mbele, na Mwajuma akawa anamletea maji ndani ya ganda la konokono. Siku ya nne kenge yule alishukuru kwa adabu, akamwita dada, akaaga. Hakuna aliyemwonyesha njia ya chemchemi. Alikuwa amelala pale tu, akisikiliza Mwajuma anaelekea wapi na anachukua muda gani kurudi.

Jumla ya kenge waliokuja baada ya hapo sikuijua. Walijaa mbele ya Mlango Mkubwa, wakalala juani. Hawakushambulia. Ilitosha kwamba wako pale, kwa kuwa hatukuweza kutoka kutafuta chakula, na kule chemchemini hapakuwa na kitu ila maji. Vita niliyoiona mimi ilikuwa ni kukaa na kungoja. Tulikula mizizi iliyoning'inia darini, na mizizi ilipokwisha tukala mende wa humo humo ndani.

Kila asubuhi Jongo alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa kenge mkubwa, mwenye sauti ya upole.

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo. Nyie mmeamkaje?" Bi Chausiku alijibu.

"Salama. Mmefikiria?"

"Tumefikiria. Nafasi hatuna."

Basi, anarudi kulala.

Mimi nilipangiwa kulinda Mlango wa Maji. Juu ya njia ile kulikuwa na udongo mwingi ulioshikiliwa na gogo, na kwenye gogo palikuwa na mzizi wa kuvuta. Bi Chausiku alinipa agizo moja. "Ukisikia magamba, vuta. Usije kuniuliza."

Siku moja, adhuhuri, watoto walilia kiu. Mwajuma akachukua ganda lake akashuka chemchemini. Alinigusa begani alipopita, kama tulivyozoea.

Hajarudi, makelele yakaanza Mlango Mkubwa. Kenge walikuwa wanajirusha mlangoni kwa pamoja, wakipiga mikia ukutani. Kila mwenye meno alikimbilia huko. Bi Chausiku aligeuza mgongo, akasimamisha miiba, akauziba mlango kwa mwili wake.

Mimi nilibaki. Nilishaanza kuelewa kwamba makelele yale yalikuwa ya kutuvuta huko.

Nikasikia magamba yakisugua udongo, chini.

Kisha nikasikia sauti ya Mwajuma.

"Tabu! Nakuja, ningoje!"

Nilingoja. Nilivuta pumzi mara tatu.

Harufu ya kenge ilinifikia kabla yake.

Nikavuta mzizi.

Kenge wa Mlango Mkubwa walirudi nyuma walipojua njia ya chini imezibwa. Waliendelea kutuzingira siku mbili zaidi, nasi tukawa tunalamba unyevu wa kuta. Kisha mvua ikanyesha, siku nzima, mabonde yakajaa. Jongo na watu wake wakaondoka kufuata maji. Hakuja kuaga.

Tulifukua njia. Mwajuma alikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa nimesimama. Nyuma yake, wamemgusa kabisa, walikuwa kenge wawili. Nilitazama hizo hatua nne. Mikia yao sikuitazama.

Bi Chausiku aliishi mpaka mwisho wa masika, mgongo ukiwa na mapengo ambamo miiba haikuota tena. Alisema nilifanya sawasawa. Wote walisema hivyo. Watoto kumi na mmoja walikuwa ndani siku ile na wote walikua. Tulishinda, na nikiulizwa nasema tulishinda. Lakini njaa na mapigano ya Mlango Mkubwa yaliua wengi, tukabaki wachache mno kwa shimo kubwa kama lile, na mwaka uliofuata tukaiacha Ngome wenyewe, bila kufukuzwa na mtu. Sasa tunaishi Kibaha, maeneo ya Tumbi, chini ya ukuta wa bustani moja yenye majani mengi.

Zuhura ana watoto wake sasa. Siku moja, mwaka huu, tulikuwa tunaota jua wawili tu, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Mama mdogo, mama alikuita siku ile?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mwingine aliyesikia.

"Aliniita. Alisema nimngoje."

"Ukamngoja?"

"Kidogo."

Akatazama chini. Wanawe walikuwa wanagombana karibu na ukuta, hakuwakemea. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba. Kisha akasogea nyuma yangu, akaanza kunitoa kupe shingoni, pale ambapo mwenyewe sifiki.